Wifi wa Ng'ambo ya Barabara

Mtu na wifi yake, tunaambiwa, ni paka na panya. Aliyesema hivyo hakuwahi kufika mtaa ule akawaona Bi Pindo na Bi Mkasi. Majina hayo hawakupewa walipozaliwa, bila shaka. Ya kuzaliwa walikuwa nayo, yamekaa kwenye vitambulisho huko, na hakuna mtu aliyekuwa na haja nayo.

Bi Pindo aliitwa hivyo kwa ajili ya ugonjwa wake wa pindo. Nguo haikutoka kwenye cherehani yake pindo likiwa limekwenda upogo, hata kwa kiasi cha punje ya mchele. Na hakukomea kwenye nguo zake. Hata za wapita njia zilimkera. "Wewe kijana! Suruali hiyo nani kakushonea, adui yako? Njoo hapa." Basi kijana wa watu anasimamishwa barazani, anatiwa uzi suruali ikiwa mwilini, bure, huku akisutwa mbele ya watu. Wengine walikuwa wanazunguka nyuma ya nyumba ili wasipite mbele yake.

Bi Mkasi alikuwa dada wa mumewe, na yeye kazi yake ilikuwa kukata. Hakuchora kwa chaki. Alikunjua kitambaa mezani, akakilaza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, akamtazama mteja juu hadi chini mara moja, kisha mkasi ukaanza kula. Mteja anashika roho yake mkononi, maana kitambaa ni ghali na mkasi haujui kusema samahani. Lakini nguo ikivaliwa, inakaa. Kushona, hapo ndipo alipokwama. Cherehani ilimshinda tangu usichana, akawa anavunja sindano mpaka kaka yake akampiga marufuku hata kuigusa. Na Bi Pindo naye alikuwa akishika mkasi mkono unatetemeka. Kwa hiyo mmoja bila mwenzake hakuwa fundi, alikuwa mwanamke tu aliyekaa na kitambaa.

Nyumba zao zilitazamana. Mtaa wenyewe ulikuwa mwembamba, mtu akikaanga kitunguu upande huu, upande wa pili wanapiga chafya. Bi Mkasi alivuka kila asubuhi akiwa bado anafunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye baraza la wifi yake, na hapo ndipo kazi, chai, umbea na ugomvi wao vilipoanzia na kuishia. Waligombana, eti! Waligombana juu ya mikono ya blauzi, juu ya sukari kwenye chai, juu ya nani alimpenda zaidi marehemu. Maana marehemu alikuwa mume wa mmoja na kaka wa mwingine, na kila mmoja alijiona ndiye mfiwa mkuu. Siku alipozikwa, jamaa fulani wa mbali walianza kunong'ona kwamba nyumba ni ya ukoo. Bi Mkasi akasimama katikati ya matanga, kiuno kakishika. "Nyumba ni ya wifi yangu," akasema. "Anayeitaka aanze kwa kunitoa mimi." Hakuna aliyeanza. Tangu hapo wakawa chanda na pete, na ugomvi wao ukawa ni chumvi tu.

Kisha ikaja barabara.

Barabara nzuri, sikatai. Lami nyeusi, mistari myeupe, magari yanakwenda kama yameibiwa. Walibomoa mbavu za nyumba huku na huku, wakaupanua mtaa mpaka sauti ya mtu ikawa haifiki ng'ambo. Katikati wakajenga ukuta wa zege unaomfika mtu kiunoni, ili wapumbavu wasikatize. Na kwa waenda kwa miguu wakajenga daraja la juu, la chuma, mbali kule mwisho, lenye ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Aliyelichora daraja lile, nadhani mama yake alimzaa akiwa tayari na magoti mapya.

Bi Pindo alilijaribu. Alipanda kwa kushikilia bomba, akapumzika, akapanda tena, watu wakimpita huku na huku, na alipofika juu katikati, magari yakipita chini ya miguu yake, magoti yakagoma. Si kwenda mbele, si kurudi nyuma. Akakaa pale kwenye chuma, mtu mzima na heshima zake, mpaka wapita njia wawili wakambeba chini. Mmoja wao alikuwa amevaa suruali ambayo pindo lake lilimtia kichefuchefu, na siku hiyo hakuwa na ubavu wa kusema neno. Hakupanda tena.

Watoto mwanzoni walijitahidi. Binti wa Bi Pindo, karani wa stoo ya saruji, alikuwa anakodi gari siku yake ya mapumziko. Gari linashuka na barabara mpaka kwenye mzunguko wa chini kabisa, linarudi na upande wa pili, safari ndefu kwenda kwenye nyumba unayoiona ukiwa kitandani kwako. Mtoto wa Bi Mkasi, dereva wa malori, naye akirudi safari alifanya hivyo hivyo. Lakini binti alikuwa akitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi la saruji, na siku yake moja ya mapumziko ndiyo ya kufua, kupika na kulala. Dereva naye malori yakampeleka mbali zaidi. Safari za ng'ambo zikapungua, zikawa za sikukuu, kisha zikawa za "tutaenda, mama". Na Bi Pindo hakuomba. Alilelewa hivyo, na waliomlea nao walilelewa hivyo. Mtu mzima haombi, anangoja aonekane.

Basi wakabuni njia yao. Bi Pindo akawa kila asubuhi anatundika kitambaa cha manjano kwenye kamba ya baraza, maana yake, nimeamka, ni mzima. Ng'ambo ya pili, juu ya ukuta wa zege na mapaa ya magari, kikatundikwa cha buluu. Nami pia. Mshono wa kwanza wa siku haukuanza kabla ya cha buluu kutokea. Simu walikuwa nayo, ndiyo, lakini ya Bi Mkasi ilipokelewa na mkwe wake, mke wa dereva, na mkwe alikuwa na jibu moja. "Mama hajambo, amelala. Anakusalimu sana." Mchana amelala, jioni amelala. "Wifi yangu kageuka paka," Bi Pindo akawa anasema, akicheka, kisha akawa anasema bila kucheka.

Kazi nayo ikanyong'onyea. Wateja walileta vitambaa vilivyokwisha kukatwa na watu wengine, na Bi Pindo akavishona akiguna. Yeye mwenyewe alikuwa na kitambaa chake, cha maua madogo mekundu, alichonunua mwaka ule ule wa barabara. Hakumruhusu mtu akikate. Kilikuwa kimekunjwa ndani ya mfuko, juu ya kabati, kinamngoja Bi Mkasi. Mkasi wenyewe ulikuwa pale pale barazani, kwenye msumari wake, maana mwenyewe hakuwahi kuuchukua kwenda nao nyumbani. Kwa nini auchukue? Kesho angerudi.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kushika kichwa.

Asubuhi moja akaja Bwana Ustawi, kijana wa ofisi ya ustawi wa jamii, na bahati yake nzuri suruali yake ilikuwa na pindo zuri. Akapiga shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda.

"Mama," akasema, "ofisi yetu imepata ruzuku. Kuna wafadhili wametoa fedha ya kuifanya mitaa iwe myepesi kwa watu wazima kuishi. Kwa mtaa huu inatosha jambo moja tu, kwa hiyo lazima liwe lile linalowauma kuliko yote. Mimi macho yangu yako kwenye hiyo barabara. Tungeweza kuutoboa ule ukuta, tukaweka matuta na taa ya kusimamisha magari, mtu avuke chini kwa miguu yake. Lakini wakubwa wangu hawataki mawazo yangu, wanataka kauli zenu. Niambie kweli, mama. Kuvuka kunakusumbua?"

Jamani! Mtu aulizwe nini tena? Mlango uko wazi, mgeni kaushika kwa mikono miwili, kilichobaki ni kupita.

Na wakati huo huo binti akatokea na sinia la chai. Siku ile alichelewa kazini makusudi ili mgeni asikute nyumba bila mtu wa kumhudumia. Alisimama mlangoni na sare yake ya stoo, viatu vyake vyeupe, macho yake mekundu ya usingizi. Bi Pindo akamtazama. Akisema, "Ndiyo, kunaniua, sijavuka sijui tangu lini," si ofisi nzima itajua kwamba ana binti na binti hamjali? Na si kweli kwamba hamjali. Utamwelezaje mgeni jambo refu namna hiyo, kwenye kikombe kimoja cha chai, mwenyewe akiwa amesimama anasikia?

"Hatuna shida, mwanangu," akasema Bi Pindo. "Huyu binti yangu ananivusha. Nikitaka namwambia tu, ananivusha."

Binti akaweka sinia chini. Kijiko kikagonga sahani. Angesema nini? Amwite mama yake mwongo mbele ya mgeni? Akamimina chai, akaaga, akaenda kazini.

Wazee walisema mficha uchi hazai, nasi tunaisema methali hiyo kila siku midomo mipana, lakini akija mtu wa kutufunika tunakimbilia kusema tumevaa.

Bwana Ustawi akashukuru, akainuka kwenda kumwuliza na Bi Mkasi. Bi Pindo akamwona kule mwisho akipanda ngazi za daraja mbili mbili, akawa anajifariji. Wifi atasema. Wifi hana haya na mtu. Alisimama kwenye matanga akawafukuza watu wazima na tamaa zao, leo ashindwe na kijana wa ofisi? Wifi atamweleza mpaka achoke. Akatia uzi kwenye sindano, akafanya kazi kwa moyo siku ile nzima.

Miezi ikaenda, wakaja mafundi. Hawakugusa ukuta. Walisafisha kile kiwanja kilichokuwa jalala, hatua chache kutoka kwa Bi Pindo, wakajenga mahali pa kupumzikia wazee. Kuna paa la kivuli, kuna bomba la maji, kuna choo chenye vyuma vya kushikilia, na mabenchi yenye egemeo na mikono ili mtu akitaka kuinuka apate pa kujisukumia. Kazi safi, msinisikie vibaya. Wazee wa upande ule waliipenda, hata Bi Pindo alikaa pale akaona mgongo wake unashukuru. Ila benchi alilokalia lilitazama barabara, na ng'ambo kule cha buluu kilikuwa kinapepea.

Ndipo uchungu ukamwingia, na uchungu wenyewe ulikuwa juu ya wifi. Kwa nini hakusema? Mdomo ule, leo umeshonwa na nani? Au hataki tena? Mtu huweza kuchoka na mtu, hasa akishapata mkwe wa kumpikia na kitanda cha kulala mchana kutwa. Bi Pindo alilala na jambo hilo, akaamka nalo. Kitambaa cha manjano akawa anakitundika kwa hasira, lakini anakitundika.

Siku ya kufungua mahali pale palijaa viti na kipaza sauti, mgeni rasmi akiwa mbele na maji yake ya chupa. Bi Pindo alichaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wazee kwa sababu ulimi wake ulikuwa unajulikana. Alikuwa amekaa akingoja zamu yake Bwana Ustawi alipochuchumaa kando ya kiti chake.

"Mama, nikuambie ukweli, moyo wangu ulikuwa barabarani. Lakini wewe ulisema binti anakuvusha, na kule ng'ambo wifi yako alisema hivyo hivyo. Kasema anavushwa kila anapotaka. Hata jana yake, alisema, alikuwa kwako. Mkashinda wote mnakata vitambaa."

Bi Pindo akamgeukia. "Alisema jana yake alikuwa kwangu?"

"Ndivyo alivyosema. Na alisema kwa furaha kweli."

Mabega ya Bi Pindo yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Masikini wifi wa watu! Kumbe naye alimfichia mkwe wake aibu, kama yeye alivyomfichia binti. Na kwa kuwa wifi hafanyi jambo nusu, akaongeza na vitambaa juu! Wapumbavu wawili, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Hasira yote ikayeyuka hapo hapo, ikabaki hamu, na hamu ile ilikuwa kali kiasi kwamba alipoitwa mbele, alikishika kipaza sauti, akasema, "Wazee tunashukuru, mabenchi ni mazuri, Mungu awabariki," akakirudisha. Watu wakabaki wanangoja sehemu nyingine ya hotuba. Haikuwapo. Alikuwa ameshamfuata binti yake nyuma ya viti.

"Nivushe," akasema.

"Mama?"

"Nivushe kwa shangazi yako."

"Tutakwenda, mama. Nikipata mapumziko—"

"Leo, mwanangu. Sijawahi kukuomba. Leo nakuomba."

Binti machozi yakamtoka pale pale mbele ya majirani. Kwa nini alilia vile, mama mtu alifikiri anajua. Akampapasa mgongoni akamwambia hana kosa. Wakapita nyumbani, Bi Pindo akateremsha mfuko wa kitambaa juu ya kabati, gari likaja.

Njia nzima alikuwa anapanga atakavyoanza. Atasimama mlangoni mikono kiunoni, aseme, "Haya, mwongo mkubwa, jana tulikata vitambaa gani?" Wifi atamjibu, "Na wewe, anayekuvusha ni nani, malaika?" Hapo watacheka mpaka mkwe aje kuuliza kuna nini. Gari likashuka mpaka kwenye mzunguko, likazunguka, likaanza kupanda upande wa pili. Dirishani, ng'ambo ya ukuta, aliliona baraza lake mwenyewe na kitambaa chake cha manjano. Kilionekana kidogo sana. Akashangaa wifi alikuwa anakionaje na macho yale.

Mkwe aliwakuta getini, mikono ina povu la sabuni. Alipomwona nani anashuka garini, uso ukambadilika.

"Shikamoo, mama. Mama... mama amelala."

"Marahaba. Nitamwamsha, mimi si mgeni." Bi Pindo akakishika kitambaa cha buluu pale kwenye kamba, akakipapasa kwa vidole. "Leo kakitundika vizuri. Zamani alikuwa anakitupa tu."

Mkwe akamtazama binti, binti akatazama chini. Hapo Bi Pindo akajua kwamba kuna jambo, na kwamba wote wawili wanalijua.

"Nakitundika mimi," akasema mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku nyingi sasa. Mama hakumbuki. Nilijua usipokiona utaumia, na nikikuambia utaumia zaidi. Nisamehe, mama. Yeye hana maumivu, anakula, anacheka. Ila watu... watu wanampotea."

"Anapotewa na mimi?"

Mkwe akajifuta mikono kwenye nguo yake, akafungua mlango.

Bi Mkasi hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cheupe kichwani, safi, mnene kidogo kuliko zamani, anatazama mlango kwa uso wa mtu anayependa wageni. Bi Pindo alisimama pale kizingitini. Mikono haikwenda kiunoni.

"Wifi," akasema.

"Karibu, karibu mgeni wetu!" akasema Bi Mkasi. "Mpeni kiti. Mtu mzima hasimamishwi. Habari za utokako?"

"Nzuri. U hali gani?"

"Tunashukuru, hatuna shida. Wewe ni wa ile ofisi? Alikuja kijana mmoja hapa, mwenye adabu, akaniuliza habari za kuvuka. Nikamwambia mimi wananivusha. Nina wifi yangu pale ng'ambo, mke wa kaka yangu. Kila siku niko kwake. Jana nimeshinda kwake, nimekata nguo mpaka mkono unauma." Akaunyoosha mkono wa kulia auonyeshe.

Hakuwa amemdanganya kijana yule. Hakuna aibu aliyoificha, wala mkwe aliyemlinda. Alisema kweli yake yote jinsi alivyoijua. Aliyedanganya alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha wageni na mfuko mapajani. Bi Pindo alitaka kulia akaona hawezi kulia mbele ya mwenye nyumba asiyejua anacholilia.

"Na huyo wifi yako," akauliza, "hajambo?"

"Ah, yule!" Bi Mkasi akapiga kofi paja lake. "Yule ana maneno, usimwone. Anapinda pindo hata la tambara la kufutia vyombo! Mimi namwambia, wifi, tambara litakwenda harusini? Hasikii." Akacheka, kile kicheko chake cha zamani chenye kukwama mwishoni, na Bi Pindo akacheka naye, maana alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu. "Ananiudhi huyo. Lakini siku asipoonekana, siku hiyo chai haishuki."

"Naye anasema hivyo hivyo juu yako."

"Unamjua?"

"Namjua kidogo."

Bi Pindo akafungua mfuko, akatoa kitambaa cha maua mekundu, akamwekea mapajani. Bi Mkasi akakikunjua taratibu juu ya kitanda, akakilaza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, mara ya kwanza, mara ya pili, akatafuta mwelekeo wa nyuzi kwa kidole gumba. Mikono haikuwa imesahau kitu. Bi Pindo akanyoosha mgongo, akajiweka vizuri kwenye kiti ili atazamwe juu hadi chini, kama wateja walivyokuwa wakitazamwa. Bi Mkasi akamtazama kweli, kwanza uso, kisha mabega, kisha akarudi usoni, akakaa hapo kidogo.

Kisha akakikunja kitambaa.

"Kizuri," akasema. "Lakini mkasi wangu uko kwa wifi. Niachie, kesho nikienda nitakikata kule kule, naye atakishona. Usimpe mtu mwingine akushonee. Wengine mapindo yao ni ovyo."

"Nakuachia," akasema Bi Pindo.

Walikaa mpaka chai ikanywewa. Bi Mkasi alieleza habari za kaka yake kana kwamba bado yu hai, za mtaa mwembamba, za kitunguu na chafya, na Bi Pindo akaitikia kila jambo kama mtu anayelisikia leo. Alipoinuka, magoti yalikataa, ikabidi binti amshike huku na mkwe amshike kule.

"Ukipita kwa wifi yangu, msalimie," akasema Bi Mkasi. "Mwambie asile sukari, na mwambie nakuja."

"Zimefika, wifi."

Bi Mkasi akacheka kwa adabu, kama tunavyomchekea mgeni aliyekosea. "Hujatoka hata mlangoni, zimefika wapi?" Akamgeukia mkwe wake, uso ukiwa na huruma kabisa. "Mama, usimwache hivi hivi. Toka naye umvushe. Magari ya siku hizi hayana macho, na huyu ni mtu mzima, labda hana wa kumvusha."

Mkwe akasema, "Ndiyo, mama," akamshika mgeni mkono.